BATA, BARUTI NA FATAKI: SAYANSI YA GOBORE KANDO YA MAJI

Utangulizi

Wanafunzi wengi wamekwisha kuliona gobore, au wamewasikia wazee wakilitaja. Ni bunduki ya kushindilia: baruti na marisau hutiwa kupitia mdomo wa mtutu, kisha hukandamizwa kwa mdeki. Wasemaji wa Kiswahili wa zamani walitofautisha bunduki ya gumegume na bunduki ya fataki, na majina hayo mawili peke yake yanaonyesha kwamba walifahamu vyema jinsi kila mtambo ulivyofanya kazi.

Makala haya hayakusudii kumfundisha msomaji kuwinda. Yanakusudia kuchukua jambo moja, yaani uwindaji wa bata wa majini kwa gobore, na kulitazama kwa jicho la kemia, la fizikia na la biolojia. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndege wa majini walichangia kubadilisha silaha za dunia nzima mwanzoni mwa karne ya 19. Pili, ndege hao hao ndio waliokuja kulipa gharama ya madini ambayo wawindaji waliyaacha chini ya maji.

Tahadhari kwa walimu na wanafunzi: baruti isichanganywe wala kuwashwa shuleni au nyumbani, hata kwa kiasi kidogo. Majaribio yote yaliyopendekezwa hapa yahitaji rula, maji na kalamu tu.

1. Baruti ni kitu gani?

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, ambayo kwa lugha ya kemia ni potasiamu naitreti (KNO3), kibiriti upele, yaani salfa (S), na makaa ya miti, ambayo kwa sehemu kubwa ni kaboni (C). Kiasi kilichozoeleka katika viwanda ni sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za salfa kwa uzito.

Kila kimoja kina kazi yake. Makaa ni kuni. Salfa hushika moto kwa joto la chini na hivyo kuharakisha mwanzo wa mwako. Shura ndiyo yenye oksijeni. Kuni za jikoni hupata oksijeni kutoka hewani, lakini ndani ya mtutu uliozibwa hewa haitoshi. Kwa sababu hiyo baruti hubeba oksijeni yake yenyewe, imefungwa ndani ya shura.

Mwako wake waweza kuandikwa kwa ufupi hivi:

2KNO3 + S + 3C → K2S + N2 + 3CO2

Mlinganyo huu ni wa kufundishia tu. Kwa kweli mambo yatokeayo ni mengi zaidi, na hutokea pia potasiamu kaboneti na potasiamu salfeti. Kutokana na chumvi hizo, zaidi ya nusu ya uzito wa baruti haigeuki kuwa gesi kamwe. Hubaki kuwa vumbi gumu, ambalo sehemu yake hutoka kama moshi mzito mweupe na sehemu hushikamana na kuta za mtutu. Gesi inayobaki, ambayo ni moto sana na imebanwa mahali padogo, ndiyo inayoyasukuma marisau.

Baruti nyeusi huungua upesi mno, lakini bado huungua: moto hutoka punje moja kwenda nyingine. Kuna vitu vingine ambavyo haviungui kwa namna hiyo, bali hupasuka vyote karibu kwa wakati mmoja. Msomaji aishike tofauti hii, kwani kisa cha bata kinaitegemea.

2. Kushindilia

Mwindaji wa gobore hupima baruti kwa kipimo kidogo na kuimimina mtutuni. Hamimini moja kwa moja kutoka katika pembe ya baruti, kwa maana cheche iliyobaki ndani kutokana na mlio uliotangulia yaweza kuiwasha pembe nzima mkononi mwake. Baada ya baruti hutia kizibo cha nyuzi, cha karatasi nene au cha sufi, akakishindilia kwa mdeki. Kisha hutia marisau, na juu yake kizibo chembamba cha kuyazuia yasimwagike bunduki inapoinamishwa. Mwisho kabisa ndipo anapoweka baruti ya kuwashia au fataki.

Haifai kubaki nafasi tupu kati ya baruti na kizibo. Nafasi hiyo ikiwapo, mtutu waweza kuvimba au kupasuka mahali pale kizibo kilipokwama.

Hapa ipo hesabu ya kufaa. Kanieneo ya gesi ndani ya mtutu hufikia mamia kadhaa ya kanieneo ya hewa tuivutayo. Tukiita kanieneo hiyo P, nusukipenyo cha tundu r, na unene wa ukuta t, basi mkazo unaojaribu kuupasua ukuta wa mtutu ni takriban P × r ÷ t. Ukuta ukipunguzwa unene kwa nusu, mkazo huwa mara mbili. Magobore yaliyoundwa kwa mabomba ya maji huwaangamiza wenyewe kwa sababu hiyo hiyo: bomba la maji limetengenezwa kustahimili kanieneo ndogo sana, na mara nyingi lina mshono kwa urefu wake wote.

3. Mmweko uliomwonya ndege

Katika bunduki ya gumegume, kipande cha jiwe gumu kimebanwa kwenye nyundo. Kifyatulio kikivutwa, jiwe hukwaruza bamba la chuma cha pua na kutoa cheche. Cheche huanguka katika kifa, yaani kisahani kidogo chenye baruti laini kilicho nje ya mtutu. Baruti hiyo huwaka kwa mmweko, na moto hupenya katika tundu dogo hadi kwenye baruti kuu iliyo ndani. Ndipo bunduki hulia.

Kando ya maji, mtambo huu ulikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni unyevu. Ukungu wa alfajiri, manyunyu na mawimbi huilowesha baruti ya kifani, na mwindaji huvuta kifyatulio asisikie chochote ila mgongano wa jiwe. Ya pili ni mmweko wenyewe. Huonekana kabla ya marisau kutoka, na ndege aliyezoea kukimbia hatari hauachi upite bure. Ndege wa kupiga mbizi huzama, na bata hugeuza mruko wake.

Katika Uskochi, kaskazini mwa mji wa Aberdeen, kuna kijiji cha Belhelvie karibu na bahari. Mchungaji wa kanisa la hapo alikuwa Alexander John Forsyth, aliyezaliwa mwaka 1768 na kufariki mwaka 1843. Alipenda kemia na ufundi wa vyuma, na pia alipenda kuwinda ndege wa majini. Husimuliwa kwamba alichoshwa na ndege walioponyoka kila walipouona mmweko wa kifa, akaanza kutafuta njia ya kuwasha baruti bila moto wa nje.

Mwaka 1800 mwanakemia Mwingereza Edward Charles Howard alikuwa ameieleza Jumuiya ya Kifalme ya London juu ya kampaundi ya zebaki inayoitwa fulmineti. Kampaundi hiyo hulipuka ikigongwa tu. Howard alijaribu kuitumia badala ya baruti, akaona kwamba huipasua bunduki. Hii ndiyo tofauti tuliyoitaja mwanzoni: fulmineti haisukumi polepole kama baruti, bali hupasuka mara moja, na chuma hakipati nafasi ya kuistahimili.

Forsyth hakuifuata njia ya kuibadili baruti. Aliiacha baruti nyeusi ifanye kazi yake ya kusukuma, akatumia chembe ndogo tu ya kitu kinacholipuka kwa kugongwa ili kuiwasha. Nyundo iligonga, cheche ikazaliwa mahali palipofunikwa, na moto ukaingia ndani moja kwa moja. Mwaka 1806 alikaribishwa kufanya majaribio katika Mnara wa London kwa ajili ya jeshi, lakini mkuu mpya wa silaha alipoingia madarakani aliyasimamisha. Mwaka 1807 Forsyth alipata hataza ya uvumbuzi wake. Mtambo wake wa kwanza uliitwa kwa mfano wa chupa ya manukato, kwa jinsi ulivyofanana nayo.

Katika miaka iliyofuata mafundi wengine waliirahisisha njia hiyo hadi ikawa kikombe kidogo cha shaba chenye kemikali ndani, kinachovikwa juu ya chuchu ya bunduki. Hiyo ndiyo fataki. Kufikia miaka ya 1840 jeshi la Uingereza nalo lilikuwa limeiacha gumegume. Hivyo kero ya mwindaji wa ndege iligeuka kuwa uvumbuzi wa kivita, na uvumbuzi huo umo hadi leo katika kitako cha kila risasi ya kisasa.

4. Hesabu ya mwindaji

Je, mmweko ulimpa ndege muda wa kutosha? Tuchukue mfano. Bata yuko mita 30 kutoka kwa mwindaji. Marisau ya gobore hutoka kwa kasi ya karibu mita 330 kwa sekunde, lakini upinzani wa hewa huyapunguza upesi, kwa hiyo tuchukue wastani wa mita 250 kwa sekunde.

Muda wa marisau angani = 30 ÷ 250 = sekunde 0.12.

Katika gumegume, tuchukue kwamba kutoka kuvutwa kifyatulio hadi marisau kutoka mdomoni hupita sekunde 0.08. Katika fataki tuchukue sekunde 0.02. Basi:

Gumegume: 0.08 + 0.12 = sekunde 0.20.
Fataki: 0.02 + 0.12 = sekunde 0.14.

Mwanga hupita mita 30 kwa sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Kwa ndege, ni sawa na kwamba mmweko humfikia pale pale. Bata arukaye kwa mita 20 kwa sekunde atakuwa amekwenda mita 4 katika muda wa gumegume, na mita 2.8 katika muda wa fataki. Mwindaji hulazimika kulenga mbele ya ndege kwa kiasi hicho, na kosa lolote katika kukisia kasi hukua kadiri muda unavyokuwa mrefu.

Na sauti je? Mlio husafiri mita 340 kwa sekunde, hivyo hufika baada ya sekunde 0.09 tangu marisau kutoka, yaani mbele ya marisau kwa sekunde 0.03 tu. Onyo hilo ni fupi mno kumwokoa ndege. Kwa hiyo mwindaji wa gumegume hakusalitiwa na kishindo, bali na mwanga.

Jaribio. Mwanafunzi mmoja ashike rula wima, na mwenziwe aweke vidole viwili pande zote mbili za alama ya sifuri bila kuigusa. Rula iachiwe ghafla, na mwenziwe aibane. Kama imeanguka sentimita 20, basi kwa kanuni d = ½gt², ambapo g ni 10, muda ni sekunde 0.20. Huo ndio muda wote wa gumegume katika mfano wetu. Darasa lilinganishe matokeo ya wanafunzi kumi na kupata wastani.

5. Moshi na kutu

Baruti nyeusi humwacha mwindaji ndani ya wingu. Pasipo upepo, hawezi kuona kama amepata au amekosa. Hapo ndipo alipoipokea kwa furaha baruti isiyo na moshi, iliyovumbuliwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884.

Masizi yanayobaki mtutuni yana chumvi za potasiamu. Chumvi hizi huvuta unyevu wa hewa, na kando ya ziwa unyevu haukosekani. Mtutu ulioachwa mchafu usiku mmoja huonekana asubuhi na kutu. Wengi hudhani dawa ni mafuta. La. Chumvi haiyeyuki katika mafuta, huyeyuka katika maji. Kwa hiyo gobore husafishwa kwanza kwa maji ya moto, hukaushwa kabisa, na ndipo hupakwa mafuta. Mwalimu wa kemia hapati mfano bora zaidi wa kanuni ya myeyuko.

6. Jinsi tone linavyokuwa chembe ya duara

Marisau mazuri ni ya mviringo kamili, kwa kuwa chembe yenye pembe huyumba hewani. Mwaka 1782 William Watts wa Bristol, Uingereza, alipata hataza ya njia rahisi ya kuyatengeneza. Madini ya risasi yaliyoyeyushwa pamoja na aseniki kidogo humiminwa kupitia chujio juu ya mnara. Matone huanguka, na njiani mvutano wa uso wa kimiminiko huyavuta yawe ya duara, kwa kuwa duara ndilo umbo lenye uso mdogo kuliko yote kwa ujazo ule ule. Hupoa, huganda, na kutumbukia katika maji yaliyo chini.

Msomaji aweza kuona jambo hilo hilo juu ya jani la gimbi. Tone dogo la maji husimama kama lulu. Tone kubwa hulala, kwa sababu uzito wake umeushinda mvutano wa uso.

7. Risasi katika firigisi

Sasa tuje kwenye jambo zito kuliko yote. Neno risasi katika Kiswahili lina maana mbili: kitu kinachotoka katika bunduki, na madini yenyewe, Plumbum (Pb). Maana hizo ziliungana kwa sababu kwa karne nyingi kitu hicho kilitengenezwa kwa madini hayo. Ni mazito, ni laini, na huyeyuka upesi.

Chembe ya risasi yenye kipenyo cha milimita 3 ina uzito wa gramu 0.16. Gobore lililoshindiliwa gramu 35 lina chembe zipatazo 219. Tuseme bata amepatwa na chembe 5. Zilizobaki 214 zimekwenda wapi? Zimeanguka majini. Akikosa kabisa, zimeanguka zote.

Bata hana meno. Humeza mchanga na vijiwe, ambavyo hukaa katika firigisi na kusaga mbegu. Akitafuta vijiwe katika tope, hawezi kupambanua kijiwe na chembe ya marisau. Firigisi huisaga chembe hiyo, na asidi ya tumbo huiyeyusha kidogo kidogo. Risasi huingia katika damu na kuzuia vimeng'enya vinavyotengeneza himu, yaani sehemu ya himoglobini inayobeba oksijeni. Huharibu pia neva, hata misuli ya njia ya chakula hulegea. Ndege hudhoofika, mbawa zake huning'inia, kinyesi chake huwa cha kijani, naye hufa kwa njaa hali chakula kimejaa ndani yake. Chembe chache tu, na pengine moja, zatosha kumwua.

Habari hii haikuanza jana. Nchini Marekani, George Bird Grinnell aliiandika mwaka 1894. Mwaka 1959 Frank Bellrose, mtafiti wa jimbo la Illinois, alikadiria kwamba asilimia 2 hadi 3 ya ndege wa majini wa Amerika ya Kaskazini walikufa kila mwaka kwa sumu hiyo. Hawa hawakupigwa na mtu. Walikufa baada ya wawindaji kwenda zao. Tai nao waliokula bata wenye risasi mwilini walisumika.

Hatua zilichukuliwa, ingawa kwa mwendo wa pole. Denmark ilianza mwaka 1985 kuzuia marisau ya risasi katika maeneo ya maji. Marekani ilikamilisha katazo lake kwa uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, Uingereza ilianza kwa ndege wa majini mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya ukaliweka katika ardhi oevu za nchi zake zote mwaka 2023. Wapenzi wa magobore katika nchi hizo hawakusamehewa: sheria hutazama kile kinachoanguka majini, haitazami umri wa bunduki.

8. Nini badala ya risasi?

Chuma laini hakina sumu hiyo, lakini densiti yake ni 7.8 tu, ilhali ya risasi ni 11.3. Chembe ya chuma yenye ukubwa ule ule ina uzito wa asilimia 69 ya ile ya risasi, na hupoteza kasi mapema. Ili iwe na uzito sawa na chembe ya risasi ya milimita 3, kipenyo chake hakina budi kuwa karibu milimita 3.4.

Zaidi ya hayo, chuma ni kigumu. Mtutu wa zamani uliofuliwa kwa ajili ya risasi laini huchubuliwa nacho. Kwa sababu hiyo wenye magobore ya kale hupendelea bismathi, yenye densiti ya karibu 9.8, ambayo si ngumu kama chuma wala haina sumu kama risasi. Ubaya wake ni bei, na kwamba huvunjika upesi isipochanganywa na bati kidogo.

9. Kwetu Afrika Mashariki

Kwa nini gobore lilidumu huku muda mrefu baada ya Ulaya kuliacha? Sababu moja ni ya kisheria. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia kuingizwa kwa silaha bora katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Hivyo teknolojia ambayo bata wa Uskochi walikwisha kuishinda ndiyo iliyoruhusiwa kwa Mwafrika.

Leo sheria ni nyingine. Nchini Tanzania, kumiliki silaha bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwindaji husimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Kiungo kingine ni ndege wenyewe. Bata kama Anas acuta na Spatula querquedula huzaliana Ulaya na Asia, kisha baadhi yao huja kukaa katika maziwa na mabwawa yetu wakati kwao ni baridi. Chembe iliyomezwa katika bwawa la mbali yaweza kumwulia ndege huku, na ya huku yaweza kumwulia kule. Ndiyo maana ukafanywa Mkataba wa Ndege Wahamao wa Afrika, Ulaya na Asia wa mwaka 1995, ambao Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama wake. Mkataba huo ulizitaka nchi zijitahidi kuacha marisau ya risasi katika ardhi oevu kufikia mwaka 2000. Maji ya bwawa ni ya kijiji, lakini ndege ni wa mabara matatu.

Muhtasari

Baruti hubeba oksijeni yake ndani ya shura. Mmweko wa gumegume humfikia ndege kabla ya marisau, na kero hiyo ilimwongoza Forsyth kwenye mtambo wa kugonga. Mabaki ya baruti ni chumvi, nayo huondolewa kwa maji. Risasi iliyokosa shabaha haijamaliza kazi yake: hungoja topeni.

Maswali

1. Kwa kutumia mlinganyo wa sehemu ya 1, tafuta asilimia ya shura, salfa na kaboni kwa uzito. (K = 39, N = 14, O = 16, S = 32, C = 12.) Linganisha na kiasi cha viwandani, na ueleze tofauti.

2. Wawindaji 20 wanapiga kila mmoja mara 10 kwa siku, kwa siku 30, katika bwawa moja. Kila mlio una gramu 35 za risasi. Ni kilo ngapi zimetumika?

3. Rudia hesabu ya sehemu ya 4 kwa bata aliye mita 20. Je, ubora wa fataki juu ya gumegume umepungua, umeongezeka, au umebaki ule ule? Kwa nini?

4. Thibitisha kwamba chembe ya chuma ya milimita 3.4 ina uzito unaokaribiana na ule wa chembe ya risasi ya milimita 3.

5. Mjadala wa darasa: "Mwindaji aliyekosa shabaha hakumdhuru ndege yeyote." Toeni hoja za kukubali na za kupinga.

Majibu ya hesabu: (1) shura 74.8, salfa 11.9, kaboni 13.3. (2) Kilo 210. (3) Tofauti ya muda hubaki sekunde 0.06, na ya umbali mita 1.2. (4) Zote ni karibu gramu 0.16.